Dhahabu ya Kilwa Iliyoko Lisbon

Mtu akitaka kwenda Lisbon kupumzika siku tatu nne, ratiba anayopewa haibadiliki. Apande tramu namba 28 hadi Alfama, aote jua kando ya mto Tejo, kisha aende Belém akapige picha mnara na kula vikeki vya mayai vinavyouzwa pale tangu 1837. Si vibaya. Kinachoniuma ni kwamba msafiri wa kutoka pwani yetu anaufuata mpango huo mwanzo mwisho na kurudi nyumbani bila kuambiwa kwamba dhahabu ya Kilwa imo mjini humo, na kwamba jina la Kilwa limeandikwa juu yake.

Asili ya Lisbon haihitaji maneno mengi. Walipita Wafoinike, wakaja Warumi, Waislamu wakakaa zaidi ya karne nne, na mwaka 1147 Afonso Henriques akauteka mji. Belém ilipata fahari yake baada ya Vasco da Gama kurudi kutoka India mwaka 1499. Mfalme Manuel I aliamua kujenga hapo monasteri ya Jerónimos, na gharama zake zikabebwa kwa sehemu kubwa na ushuru wa asilimia 5 uliotozwa biashara ya Afrika na Mashariki. Wageni huambiwa habari za mawe yake yaliyonakshiwa kamba na matumbawe. Habari za fedha iliyoyanunua hutajwa kwa haraka, kama hutajwa.

Dhahabu hiyo imo katika chombo kimoja cha ibada, ambacho hakipo Belém tena. Kipo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes. Ni chombo cha kuwekea Ekaristi wakati wa kuabudu, kimo chake kama sentimita 73, cha dhahabu na enameli. Katikati mitume 12 wamepiga magoti, na juu yao ananing'inia njiwa mweupe wa Roho Mtakatifu. Kwenye shina zimezungushwa tufe za anga, alama ya Manuel mwenyewe. Kitakoni, kati ya maua, ndege na konokono wadogo, kuna maandishi yasemayo kwamba mfalme aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa, kikamalizika mwaka 1506. Quiloa ndiyo Kilwa yetu.

Wataalamu wa Ureno wamekiandika sana chombo hiki, lakini wino mwingi umeishia kwenye swali moja: je, Gil Vicente mfua dhahabu, anayetajwa kuwa ndiye aliyekitengeneza, ndiye yule yule Gil Vicente aliyetunga michezo ya kuigiza? Swali ni zuri. Ila mimi naona limekula nafasi ya swali zito zaidi, yaani dhahabu hiyo ilikuwa ya nani na ilitokaje mkononi mwake.

Ilitoka hivi. Julai 1502 Gama aliingia bandari ya Kilwa na merikebu zenye mizinga. Kilwa ilikuwa imetajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala kutoka bara, na Amir Ibrahim ndiye aliyekuwa akitawala. Gama alimtaka akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi kila mwaka, la sivyo mji utapigwa. Ibrahim akakubali, na ili aachiwe akamtoa rehani mkubwa mmoja wa mji, Muhammad Ankoni. Malipo hayakuja. Wasimuliaji wa Kireno wenyewe wanaeleza kwamba mwisho Ankoni alijikomboa kwa mali yake. Zilikuwa mithkali 1,500, zaidi ya kilo 6 za dhahabu.

Mwanahistoria wa Kireno João de Barros, aliyechapisha historia yake mwaka 1552 bila kuwahi kufika pwani hii, anatuhifadhia mengi ya ukoo wa masultani wa Kilwa, na kwa hilo tunamshukuru. Lakini sikubaliani na namna masimulizi ya wakati wake yanavyoliweka tukio hili: Ibrahim mnyang'anyi wa kiti, Ibrahim mwenye hila aliyetaka mpinzani wake Ankoni auawe na wageni. Huenda alikuwa na hila. Hata hivyo fitina za Kilwa hazikuiweka mizinga ile bandarini. Anayelipa akiwa ameshikwa ndani ya merikebu ya mwenye mizinga hajalipa kodi, amenyang'anywa.

Miaka mitatu baadaye, Julai 1505, Mreno Francisco de Almeida aliuvamia mji, askari wake wakaupora, Ibrahim akakimbia. Kiti akapewa Ankoni, yule yule aliyewahi kuwekwa rehani, akavishwa taji. Hakudumu. Aliuawa mwaka 1506, mwaka ule ule chombo kilipokamilika Lisbon. Kufikia 1512 Wareno wenyewe waliihama ngome yao ya Kilwa.

Yaliyofuata ni mafupi. Manuel alikiusia chombo kwa monasteri ya Jerónimos. Mashirika ya kitawa yalipofutwa mwaka 1834, chombo kiliponea chupuchupu kuyeyushwa, na katika karne ya 20 kikaingia makumbushoni.

Basi anayepanga safari aigeuze ratiba. Makumbusho yako upande huo huo wa mto, kabla ya kufika Belém. Aanzie huko, akisome kitako, ndipo aende Jerónimos alikozikwa Gama. Ahakikishe kwanza kwamba pako wazi, kwa kuwa makumbusho mengi ya Lisbon hufungwa Jumatatu. Na nauli ikibaki, aiweke kwa safari ya Kilwa Kisiwani: kibali huchukuliwa Kilwa Masoko, kisha mtu huvuka kwa mashua hadi ilipo bandari ambamo Ankoni alishikwa.