Santuri ya Tanganyika Iliyotangulia Uhuru

Mwaka 1956, miaka mitano kabla ya Uhuru, Mmarekani mweusi aitwaye Buddy Collette alirekodi albamu ya jazz akaipa jina Tanganyika. Sisi wa Ufipa, kuanzia Msanzi hadi bandari ya Kasanga, jina hilo hatujaliacha, maana ziwa tunalo. Albamu yenyewe sijapata kuisikia ikipigwa redioni.

Collette alizaliwa Los Angeles mwaka 1921, akakulia mtaa wa Watts. Alipuliza saksofoni, klarineti na filimbi. Tangu ujana alikuwa rafiki wa Charles Mingus, na ndiye aliyemshawishi Mingus kushika besi, ala iliyompa jina duniani. Kwangu mimi, hata hivyo, kazi yake kubwa haikuwa ya jukwaani. Wanamuziki wa Los Angeles walikuwa na vyama viwili, cha weupe na cha weusi, na kazi zenye malipo mazuri katika studio za filamu na redio ziliwaendea weupe. Collette na wenzake wakapigania vyama hivyo viunganishwe, na mwaka 1953 vikawa kimoja. Mwaka uliofuata, huku kwetu, chama cha kupigania uhuru, TANU, kilizaliwa. Machi 1955 Mwalimu Nyerere alikuwa New York akililia nchi yake mbele ya Umoja wa Mataifa.

Albamu ilitolewa na Dig, kampuni ndogo ya mwanamuziki Johnny Otis. Gitaa alilipiga Jim Hall, piano Gerald Wiggins, besi Curtis Counce. Nisiwadanganye wasomaji: humo hamna ngoma ya Kifipa wala ya kabila lolote la huku. Hata jina la wimbo mmojawapo linataja nyika za Afrika Kusini, mbali kabisa na kwetu Rukwa. Ni jazz ya California, tulivu, iliyopangwa kwa ustadi, na Afrika yake ni ya kuwaziwa kutoka ng'ambo ya bahari. Wakati huohuo Dar es Salaam Jazz, iliyoanzishwa 1932, na Morogoro Jazz ya 1944 zilikuwa zikipiga dansi la namna nyingine kabisa, lenye harufu ya Cuba. Lakini mtu aliyetoka kuvunja ubaguzi ndani ya chama chake, kisha akaibandika Tanganyika kwenye jalada la santuri, anastahili heshima yetu.

Jina halikuishia kwake. Mwaka 1958 John Coltrane alipuliza saksofoni katika Tanganyika Strut, santuri ya mpiga tarumbeta Wilbur Harden. Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston akarekodi Uhuru Afrika mjini New York, na humo Mtanganyika mwenzetu, Tuntemeke Sanga, anasikika akighani kwa Kiswahili shairi la uhuru la Langston Hughes. Hapo sasa Tanganyika haikuwa jina tu kwenye jalada. Ilikuwa na sauti yake yenyewe. Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku santuri hiyo.

Collette alifariki mwaka 2010. Watangazaji wa TBC na wa redio zetu za Sumbawanga, ifikapo tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru, baada ya nyimbo za bendi zetu, wapigieni wasikilizaji Tanganyika ya Collette, kisha Uhuru Afrika, na mtaje majina ya waliozipiga.