Neno Familia na Mlango Liliopitia

Miongoni mwa maneno ambayo mwalimu wa Kiswahili huyatamka kila wiki bila kuyapekua, neno familia ni mojawapo. Limo katika vitabu vya watoto wadogo, limo katika fomu za kuandikishia wanafunzi, na sisi wenyewe tumeliandika ubaoni mara zisizohesabika, chini yake tukachora baba, mama na watoto wawili. Hatukujiuliza limetoka wapi mpaka siku tuliposahihisha insha ya msichana mmoja hapa Bujumbura. Aliandika habari za bibi yake, mama yake mdogo, watoto wa huyo mama mdogo, na kijana mmoja wa kutoka kijijini kwao aliyelala kwao ili apate kusoma. Baba hakutajwa. Kwa wino mwekundu tukaandika pembeni, "Hawa ni jamaa, si familia," tukamkata alama tatu. Kesho yake akaja mezani na daftari lake, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, basi familia yangu mimi ni ipi?" Tulilomjibu siku ile halikuwa jibu. Maelezo haya ndiyo tuliyopaswa kuyajua kabla ya kushika kalamu.

Familia ni neno la Kilatini, na Kiswahili kimelihifadhi umbo lake kuliko Kifaransa kisemacho famille au Kiingereza kisemacho family. Lilijengwa juu ya neno famulus, yaani mtumishi au mtumwa wa nyumbani. Festus, mwanachuoni wa kale aliyekusanya maana za maneno ya Kilatini, alieleza kwamba asili yake ni kwa Waoski, majirani wa Waroma katika nchi ya Italia, ambao walimwita mtumwa famel. Kwa hiyo hapo mwanzo familia haikuwa baba, mama na watoto. Ilikuwa jumla ya watumwa wa nyumba moja. Hata kikosi cha watu waliofunzwa kupigana kwa silaha mbele ya watazamaji kiliitwa familia, ingawa bwana wao hakuwa na undugu nao hata kidogo.

Wanasheria wa Roma walilipanua neno hili. Ulpianus, aliyeishi hadi karne ya 3, aliorodhesha maana zake, na maelezo yake yamehifadhiwa katika mkusanyo wa sheria uliotolewa na Kaisari Justinianus mwaka 533. Familia, asema, yaweza kuwa mali, kama ilivyotumika katika sheria za urithi za Mbao Kumi na Mbili, zilizoandikwa yapata mwaka 450 kabla ya Kristo. Yaweza kuwa watu walio chini ya mamlaka ya mtu mmoja, au wote waliotokana na babu mmoja, au watumwa. Mwenye mamlaka hayo aliitwa pater familias, nasi hupenda kufasiri "baba wa familia." Lakini Ulpianus aeleza wazi kwamba mtu huitwa hivyo hata kama hana mtoto, na hata mtoto yatima aliye chini ya mlezi huitwa hivyo. Jina lile lilikuwa la cheo cha kisheria, wala halikuhusu kuzaa. Ajabu zaidi ni hali ya mke. Katika ndoa ya namna iliyoenea baadaye, mke hakuingia katika mamlaka ya mumewe, bali alibaki katika familia ya baba yake. Basi mama na mwanawe waliolala chini ya paa moja, wakila chakula kimoja, walihesabiwa katika familia mbili. Mwanafunzi wetu hakukosea kama Roma ilivyokosea!

Maana ya kwanza haikupotea upesi. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya Kiingereza ya mwaka 1755, bado aliieleza family kwanza kuwa ni wale wanaokaa katika nyumba moja. Ile picha yetu ya ubaoni, ya wazazi na watoto wao peke yao, ni maana changa.

Na hilo neno jamaa, ambalo tulimwandikia mtoto kana kwamba ni la daraja ya chini? Latokana na Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kukusanya, ule ule uliotupa jamii, jumuiya na Ijumaa. (Jumla haimo humo, mzizi wake ni mwingine, ingawa wanafunzi hupenda kuyachanganya.) Waislamu husema kusali jamaa, yaani kusali pamoja. Mwalimu Nyerere alipotafuta jina la siasa yake mwaka 1962, alichukua ujamaa, akiufafanua kuwa ni udugu wa wale wanaoishi kama nyumba moja. Huko Katanga, jirani zetu wa Kongo hutumia jamaa kwa maana ile ile ya familia. Padri Placide Tempels alipoanzisha mwendo wa waumini karibu na Kolwezi katika miaka ya 1950, mwendo wa mume na mke pamoja, uliitwa Jamaa. Kwingineko neno limelegea mno: "jamaa mmoja" huweza kuwa mpita njia tusiyemjua jina.

Kiarabu kilitupa pia aila, ambalo wengi wa vijana wamelisahau. Mzizi wake ni kukimu, kulisha. Aila ni wale ambao mtu huwalisha. Mroma alihesabu wanaoamriwa, Mwarabu akahesabu wanaolishwa.

Lakini neno lililotushangaza kuliko yote halikutoka ng'ambo. Katika Kirundi na Kinyarwanda twasema umuryango kwa maana ya familia au ukoo, na umuryango huo huo ni pale pa kuingilia nyumbani. Tulikuwa tumelizoea tangu utotoni, tusione kitu. Kumbe ndilo mlango la Kiswahili, neno moja la Kibantu lililosafiri njia mbili. Na watu wa pwani nao hawakuiacha maana ya pili, kwani waliugawa ukoo katika milango, na milango katika matumbo. Tumbo ni watoto wa mama mmoja na wajukuu wake. Hivyo yule msichana, ambaye nyumbani husema Kirundi na shuleni Kiswahili, alikuwa na neno lake kamili kabla hatujamfundisha letu. Aliwaandika wanaoingia na kutoka kwa mlango mmoja. Na kwa kuwa bibi yake ndiye mzazi wa mama yake na wa mama mdogo, nusu ya insha yake ilikuwa tumbo moja kwa hesabu ya Lamu au Mafia.

Tulimwita baada ya vipindi, tukalifuta lile andiko pembeni kwa kadiri wino mwekundu unavyofutika, tukamrudishia alama zake tatu. Mbili tukazikata tena papo hapo, kwa sababu alikuwa ameandika "watoto ya mama mdogo." Alicheka, akaketi kusahihisha.