Waliojua Kila Valvu

Ndugu zangu tuliosoma hapa, nanyi vijana mlio bado madarasani, tunapoisimulia historia ya kompyuta huwataja waliounda mashine, tukawasahau walioyajua maradhi yake.

ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani mjini Philadelphia, Marekani, Februari 1946, ilikuwa na valvu zipatazo 18,000, za jamii ya zile za redio za zamani. Nyingi ziliungua wakati wa kuwasha au kuzima, zilipopata joto au kupoa. Kwa hiyo mafundi waliona heri iachwe ikiwaka usiku na mchana.

Kazi ya kuipangia hesabu walipewa wanawake sita, miongoni mwao Kay McNulty na Betty Jennings. Kitabu cha maelekezo hakikuwapo; walipewa michoro ya mashine tu. Waliisoma hata wakaweza, jibu likitoka la makosa, kuitafuta na kuipata valvu moja iliyoharibika kati ya hizo zote. (Ninyi wa fizikia, mchoro kwanza, bisibisi baadaye!)

Usiku wa karamu ya uzinduzi hawakualikwa. Mwaka 1997 ndipo wote sita walipotiwa katika orodha ya heshima ya wanawake wa teknolojia huko Marekani. Mmoja wao, Ruth Lichterman, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1986.