Ntu na Mtu

Kutoka Chokocho kwenda Kisiwa Panza ni safari fupi ya mashua. Maji yakijaa unashuka karibu na mchanga. Yakitoka unavua viatu, unakunja suruali na kupita kwenye tope. Siku ya kwanza nilifika skuli viatu mkononi, kwapani daftari lenye mazoezi yote niliyofundishwa chuoni: ya pumzi, ya sauti, ya kutazamana machoni.

Vijana walikuwa kama 20, baada ya masomo. Wengi watoto wa wavuvi, wasichana wanaowasaidia mama zao kufunga mwani, ndugu wawili waliokuja dago na baba yao kutoka Tanga wakabaki, na kijana mmoja asiyesikia, ingawa hakuna aliyeniambia kuwa hasikii. Niliwataka wasimame mmoja mmoja mbele ya wenzao na kusema maneno yale yale: mimi ni mtu wa hapa.

Binti wa miaka 16 hivi alisimama wima. "Miye ntu wa hapa," akasema. Sauti yake ilifika ukuta wa nyuma ikarudi. Ilikuwa sauti bora kuliko zote nilizosikia jioni ile, na mimi nikamkatiza.

"Sema mtu."

"Ntu."

"Fumba midomo kwanza. Mmm-tu."

Mara ya tatu alilitamka nilivyotaka, lakini sauti ilikuwa imeshakwisha. Akarudi kukaa, akavuta mtandio mpaka puani. Kesho yake hakuja.

Mimi mwenyewe nimezaliwa Mkoani, ng'ambo tu ya kisiwa kile. Nyumbani nilisema ntu, nikasema nkono, na hakuna aliyeshangaa. Nilipokwenda kusomea uigizaji bara, mwalimu wetu mmoja aliniambia mbele ya darasa kwamba mdomo wangu unanuka karafuu. Darasa lilicheka, nami nikacheka nao. Kisha nikatumia mwaka mzima kuusafisha mdomo ule, na nilipomaliza nilipewa nafasi kubwa katika mchezo wa mwisho. Kwa hiyo nilipomsahihisha yule binti sikuona kama ninamdhulumu. Niliona ninampa ufunguo.

Jukwaa lilipataje lafudhi moja? Jambo hili lina historia, na sehemu kubwa yake imepita karibu sana na Pemba. Mwaka 1867 mmisionari Edward Steere alichapisha Unguja kijitabu kiitwacho Hadithi za Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na visa vya Shakespeare kwa Kiswahili, kikiwamo kile cha mfanyabiashara wa Venisi. Hakikuwa kitabu cha kuigiza, lakini nafikiri hapo ndipo ndoa ilipofungwa: hadithi kubwa ya dunia upande mmoja, Kiswahili cha mji wa Unguja upande wa pili. Mwaka 1928 wakubwa wa elimu wa makoloni walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Kipemba kilibaki ng'ambo ya mkondo, kilomita 50 hivi. Mwaka 1958 Whiteley alikiandikia kitabu, lahaja pamoja na tungo zake. Basi kikawa kitu cha kusomwa na wataalamu. Cha kusemea jukwaani, hapana.

Mwaka huo huo wa 1928, Siti binti Saad wa Fumba, mtoto wa watu maskini, alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Huwa napenda kuyaweka matukio haya mawili pamoja: wakubwa mezani Mombasa wakipima maneno, na mwanamke aliyezoea kuimba uso umefunikwa, sauti yake ikienda kuuzwa pwani nzima. Tutarudi kwake.

Huko Makerere uigizaji ulikuwa wa Kiingereza. Milton Obote, kabla hajawa mwanasiasa, aliigiza Julius Caesar pale mwaka 1948. Nyerere akaufasiri mchezo huo huo mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969, kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mzigo wowote. Mwaka huo wa 1969 Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile. Naupenda mchezo ule kuliko tamthilia nyingine yoyote ya lugha yetu, na sina ugomvi na mwandishi wake. Lakini utazame: makabila yanayotiliana shaka yanaunganishwa na maji ya dawa, na tangu ukurasa wa kwanza wote wanasema Kiswahili kile kile. Taifa changa lilihitaji picha hiyo. Tuliokuja baadaye tukaigeuza kanuni ya darasani.

Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, Msukuma alijifunza sindimba ya Wamakonde, na Mzaramo akajifunza ngoma za watu wa ziwani. Miguu ya kila kabila ilikaribishwa. Lafudhi iliachwa mlangoni, pamoja na viatu.

Waliokwenda njia nyingine walikuwapo pia. Penina Muhando na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoka chuoni miaka ya 1980 wakaenda vijijini: Malya, Msoga, Mkambalani. Hawakubeba tamthilia iliyokwisha kuandikwa. Walikaa na wenyeji, wakauliza kinachowasumbua, wakatazama ngoma na michezo ambayo watu tayari wanaijua, na onyesho likatengenezwa kwa hiyo. Mwaka 1996 wakaanzisha Tuseme, wasichana wa sekondari wakiigiza yale yanayowazuia kusoma. Haya yote niliyasoma chuoni, nikayafanyia mtihani, nikapata alama nzuri. Kisha nikapanda mashua na daftari langu.

Siku ya nne nilimfuata binti pwani, maji yametoka. Alikuwa ameinama na mama yake kwenye kamba za mwani. Nikatoa shikamoo. Mama aliitikia bila kuacha kufunga.

"Maalim, huyu alisema anakwenda kufunzwa kusema," akaniambia. "Kusema anajua."

Nikaomba radhi. Binti hakunijibu, na mimi sikukaa sana. Nikiondoka, mama akaniuliza kama wale vijana wangu wanaijua kibati.

Kibati ni ngoma ya Pemba. Ngoma inapigwa mbio, na watu wanajibizana kwa maneno wanayoyatunga papo hapo, mmoja anarusha, mwingine anadaka, kiitikio kikija wote wanaingia. Chuoni tulifundishwa zoezi la kujibizana bila kuandikiwa kama jambo lililotoka Ulaya. Nilikuwa nimekua nalo uani kwetu.

Tukaanza upya na kibati. Mada waliichagua wenyewe, maji ya chumvi yanavyoingia mashambani. Wiki iliyofuata binti alirudi, akasimama mlangoni kwanza, akasikiliza, halafu akarusha neno kutoka pale pale alipo. Wale ndugu wa Tanga walidaka kwa lafudhi yao. Sikumsahihisha yeyote.

Kisha wazee wakaniita. Walikubali mchezo, ila kwa sharti: mvulana asiigize mume wa msichana, na msichana asiyetaka kuonyesha uso asilazimishwe. Nikanuna kimoyomoyo. Nilifundishwa kwamba uso ndio chombo cha mwigizaji, na hapo ndipo nikamkumbuka Siti na santuri zake. Hata bara, katika vichekesho vya zamani, wanaume walikuwa wakivaa khanga na kuigiza wanawake, na hakuna aliyesema hiyo si sanaa. Basi mume tukampa msichana, akavaa kofia ya baba yake. Alikuwa mume mkali mno. Wanawake waliokuja kutazama mazoezi walicheka mpaka wakashikana mabega.

Nilikuwa nimeanza kujipongeza, lakini kumbe kibati kilimfungia mlango kijana asiyesikia. Alizoea kusoma midomo, na kibati ni mbio, midomo kumi inafunguka kwa pamoja. Alikuwa akitazama huku na huku kama mtu aliyekosa mashua. Nikapata suluhisho ambalo wakati ule niliona la busara: yeye awe bahari. Apande polepole kutoka nyuma, mikono imetandazwa, aingie mashambani, awafukuze wenzake. Alifanya vizuri sana. Kila aliyeona alisema yule bahari ndiye mchezo wenyewe.

Mama yake alikuja siku ya mazoezi ya mwisho lakini moja. Alitazama mpaka mwisho, akangoja vijana watawanyike.

"Maalim, mwanangu ni bahari kila siku?"

Nikamweleza kwamba bahari ndiyo sehemu muhimu kuliko zote.

"Nimeona," akasema. "Kwani hawezi kuwa ntu?"

Usiku ule sikulala vizuri. Zilibaki siku mbili. Asubuhi nikawaomba vijana wafikirie ni nani katika mchezo ambaye watu humtazama kabla hajasema neno. Wakajibu kwa pamoja: sheha. Binti akasema sheha awe yule, na yeye mwenyewe awe mwenye shamba anayemlalamikia. Hakuniuliza kama nimekubali.

Hakuna kati yetu aliyejua ishara ya sheha. Tulimtazama kijana. Alifikiri kidogo, akavuta kiti, akaketi upande upande, akaandika kitu hewani kwa kidole. Kisha akapiga ngumi yake gotini, mara mbili, kama anayegonga muhuri, na akanyoosha kiganja kwa binti kumwonyesha kwamba zamu ya kusema ni yake.