Kuzungumza na ndugu mwenye upungufu wa kusikia (Juba)

Upungufu wa kusikia ni hali ya sikio moja au yote mawili kutopokea sauti kwa kiwango cha kawaida. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 430 wana upungufu unaohitaji tiba au msaada. Sudan Kusini imo katika ukanda wa homa ya uti wa mgongo, ugonjwa unaoweza kuharibu sikio la ndani kwa siku chache tu. Visababishi vingine ni surua, usaha wa sikio usiotibiwa, dawa kama jentamaisini, uzee, na milipuko ya vita vilivyozuka Juba Desemba 2013.

Kosa la kwanza la familia ni kupiga kelele. Kwa wengi, hasa wazee, hutangulia kupotea sauti nyembamba kama s, sh, f na t, ilhali irabu zinabaki. Mzee anasikia kwamba anasemeshwa, asipate maneno yenyewe. Ukipaza sauti unamwongezea irabu alizo nazo tayari, na mdomo wako unapoteza umbo. Afadhali umsogelee: kutoka mita 2 hadi mita 1, sauti humfikia ikiwa na nguvu zaidi kwa takriban desibeli 6.

Juba yenyewe ina kelele. Jenereta hunguruma uani, bodaboda hupita, na mvua ikipiga mabati hata mwenye masikio mazima hasikii. Jambo zito lizungumzwe mbali na jenereta. Usiku, taa immulike msemaji usoni. Umeme ukikatika, tochi ya simu inatosha.

Kusoma midomo nako kuna mipaka yake. Kwa macho, *baba*, *papa* na *mama* ni neno moja. Katika Kidinka ugumu unazidi, kwa kuwa toni na urefu wa irabu vinaweza kutenganisha umoja na wingi, na toni haionekani mdomoni. Kibari pia ni lugha ya toni. Kwa hiyo taja mada kwanza: "Ni habari ya dawa zako." Asipoelewa, badili maneno badala ya kurudia yaleyale. Majina, tarehe na bei, mwandikie.

Nyumba nyingi za Juba huchanganya lugha: Kiarabu cha Juba, Kibari au Kidinka, Kiingereza, na Kiswahili walichorudi nacho waliokimbilia Kenya na Uganda. Kurukia lugha nyingine katikati ya sentensi humwacha njiani asiyesikia vizuri, maana hukisia kilichompita kwa kutegemea alichokisikia. Teueni lugha anayoimudu zaidi, mshikamane nayo.

Linaloumiza kuliko yote ni jibu la "Basi, si kitu" pale anapouliza wengine wamecheka nini. Hapo ametolewa barazani akiwa amekaa palepale. Mwelezeni, hata kama kichekesho kimeshapoa.

Kwa mtoto aliyezaliwa kiziwi, lugha ya alama ni lugha kamili yenye sarufi yake, naye anahitaji kuianza mapema kama mtoto yeyote anavyohitaji lugha. Ibara ya 6 ya Katiba ya Mpito ya 2011 inaitaka dola iendeleze lugha ya alama. Nyumbani msingoje: mtafuteni kiziwi mtu mzima anayeijua, awafundishe wote, kuanzia bibi hadi mjukuu.