Mnunuzi Asiye Msomaji: Kujichapishia Hadithi za Watoto na Vijana Ukambani

1.0 Utangulizi

Historia ya fasihi ya watoto nchini Kenya imezoea kuandikwa kwa kufuata majina ya mashirika ya uchapishaji. Huanza na East African Literature Bureau ya miaka ya 1940, ikapitia East African Publishing House (1965) na Jomo Kenyatta Foundation (1966), kisha ikaishia kwenye kampuni za kigeni zilizopata wamiliki wa Kiafrika, kama Heinemann Kenya iliyokuja kuitwa East African Educational Publishers mwaka 1992. Katika masimulizi hayo, mwandishi aliyetoa kitabu kwa fedha zake mwenyewe hutajwa kwa kupitiwa tu. Na ikiwa aliwaandikia watoto, huenda asitajwe kabisa.

Makala haya yanakusudia kuutazama mkondo huo uliopuuzwa kwa kutumia mfano wa Ukambani, hasa eneo la Machakos. Kwa neno 'kujichapishia' tunamaanisha hali ambapo mwandishi hugharamia upigaji chapa wa kazi yake, humiliki nakala zote, na hubeba mwenyewe mzigo wa kuziuza. Dai letu ni kwamba kwa mwandishi wa namna hii, jambo linalotenganisha kitabu cha mtu mzima na kitabu cha mtoto ni mfuko unaotoa fedha. Mtu mzima hujinunulia anachotaka kusoma. Mtoto hununuliwa. Kati ya matbaa na mtoto wamesimama watu watatu: mzazi, mwalimu na serikali. Historia ya kujichapishia hadithi za watoto ni historia ya jinsi waandishi walivyojaribu kuwakwepa watatu hao au kuwaridhisha.

2.0 Kutoka Kilungu hadi Comb Books

Mfano ulio bayana zaidi ni David G. Maillu. Alizaliwa mwaka 1939 katika vilima vya Kilungu, vilivyokuwa sehemu ya wilaya ya Machakos kabla ya Makueni kutengwa mwaka 1992. Inafaa kuikumbuka mipaka hiyo ya zamani, maana 'Machakos' ya waandishi wa kizazi chake ni pana kuliko kaunti ya leo. Sehemu kubwa ya elimu yake aliipata kwa kujisomea. Kisha akaajiriwa katika Sauti ya Kenya kama msanifu wa michoro. Ujuzi huo hautajwi sana na wahakiki, ilhali una uzito kwa mada yetu: mtu awezaye kusanifu jalada na kupanga kurasa zake mwenyewe amejipunguzia gharama mbili kubwa kabla hajafika kwa mpiga chapa.

Mwaka 1972 alianzisha Comb Books jijini Nairobi. Miongoni mwa vitabu vyake vya kwanza, mwaka huohuo, kilikuwamo Ki Kyambonie, kitabu cha Kikamba. Mwanzo huo haukuwa wa ajabu. John Mbiti wa Kitui alikuwa ametoa Mutunga na Ngewa Yake kwa Kikamba mwaka 1954, na kwa hiyo palikuwa na mazoea, ingawa membamba, ya kusoma hadithi katika lugha hiyo. Lakini soko la Kikamba halikutosha kuendesha kampuni. Mwaka 1973 Maillu aligeukia Kiingereza na kutoa Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle, vilivyofuatwa na After 4.30 na Troubles mwaka 1974. Vilikuwa vitabu vyembamba vya kutiwa mfukoni, na viliwahusu makarani, walevi, wapiga taipu na wakubwa wao, yaani watu walewale waliokuwa na mshahara mdogo wa kununulia kitabu kama hicho.

Mafanikio yake yalizishtua kampuni kubwa. Heinemann ilianzisha mfululizo wa Spear Books mwaka 1975 ili nayo iingie katika soko hilo. Kwa muda mfupi mtu mmoja aliyejichapishia alikuwa amewaonyesha wachapishaji wazoefu mahali walipo wasomaji. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu mnunuzi wake na msomaji wake walikuwa mtu mmoja. Hakuhitaji kibali cha mtu mwingine yeyote.

3.0 Wasomaji Wasiokusudiwa

Hata hivyo, vitabu vya Comb Books havikubaki mikononi mwa makarani. Vilisomwa na vijana wa shule, mara nyingi kwa kificho. Wako wasomaji wengi wa rika la mwandishi wa makala haya na la wakubwa wake wanaokumbuka nakala iliyochakaa ikipitishwa kutoka kitanda hadi kitanda katika mabweni. Huu ulikuwa usomaji wa vijana usiokuwa na fasihi ya vijana. Kijana alikosa hadithi ya mapenzi na ya mji iliyoandikwa kwa kiasi chake, akachukua ile ya mtu mzima.

Hapo ndipo wale watatu tuliowataja walipoingia. Wazazi na walimu walilalamika. Mwaka 1976 Tanzania ilipiga marufuku vitabu vya Maillu, na soko la nchi jirani likafungika. Kabla ya muongo huo kwisha, Comb Books ilikuwa imefungwa. Mfuatano wa tarehe unafundisha. Mwaka uleule wa 1976 ndio wa Dear Daughter na Dear Monika, ambavyo hata kwa vichwa vyake vimehama kutoka baa hadi nyumbani. Mwaka 1978 Maillu alitoa vijitabu viwili, kimoja cha alama za uandishi wa Kiingereza na kingine cha tahajia. Mtunzi wa After 4.30 alikuwa sasa akibisha mlango wa darasa.

Mwaka 1980 riwaya zake For Mbatha and Rabeka na The Equatorial Assignment zilitokea katika mfululizo wa Pacesetters wa Macmillan, uliolengwa kwa vijana wa Afrika nzima. Ya kwanza ni kisa cha mwalimu wa kijijini na mchumba wake anayevutwa na anasa za Nairobi. Ndiyo riwaya ya vijana yenye mazingira ya Ukambani iliyosambaa kuliko nyingi za wakati wake, lakini haikutoka katika kampuni ya mtunzi. Mtu aliyeweza kujichapishia kwa ajili ya mtu mzima alihitaji mkono wa kampuni ya Uingereza ili amfikie kijana kwa mlango wa mbele.

4.0 Mlango wa Shule

Mwaka 1985 mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza kutumika, na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa. Kwa wachapishaji huu ulikuwa mvua baada ya kiangazi. Kila mtoto wa shule ya msingi sasa alihitaji kusoma kwa Kiswahili, na kila mwalimu alihitaji hadithi za kumpa. Lakini mvua hiyo haikunyesha kwenye mashamba yote. Kitabu kilichopata idhini ya Taasisi ya Elimu ya Kenya, ambayo tangu 2013 inaitwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, kiliweza kununuliwa kwa maelfu. Kisichopata kilibaki kuuzwa kimojakimoja.

Kazi za Maillu za kipindi hiki zinauonyesha mgawanyiko huo ndani ya mwandishi mmoja. Kupitia Maillu Publishing House alitoa Untouchable (1987), Without Kiinua Mgongo (1989) na Anayekukeep (1990), vyote vya watu wazima. Wakati huohuo orodha ya vitabu vyake vya watoto ilirefuka: The Poor Child (1988), Mbengo and the Princess (1989) na vingine katika miaka ya 1990. Broken Drum (1991), riwaya yake kubwa kupita zote, ilitolewa kwa ubia na Jomo Kenyatta Foundation. Katika miaka hiyo mwandishi huru hakuweza tena kuwa huru peke yake.

Mfano wa pili unatoka nje ya Ukambani, lakini unatusaidia kupima ule wa kwanza. Asenath Bole Odaga, aliyewaandikia watoto tangu miaka ya 1960 kupitia East African Publishing House, alianzisha Lake Publishers mjini Kisumu mwaka 1982. Yeye hakuanza na baa akaishia darasani. Tangu mwanzo alimkusudia mtoto, na aliijua shule kwa kuwa alikuwa mwalimu. Njia yake ilikuwa ya polepole zaidi, ila haikuhitaji kuomba radhi.

Tatizo la mnunuzi asiye msomaji si la Kenya peke yake. Beatrix Potter alipokataliwa na wachapishaji wa Uingereza, alijichapishia nakala 250 za The Tale of Peter Rabbit mwezi Desemba 1901. Mwaka uliofuata kampuni ya Frederick Warne ilikitwaa kitabu hicho. Kwa jirani zetu wa Tanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa mwaka 1991 ulijibu swali hilo kwa njia nyingine: katika nakala 5,000 za kitabu kilichokubaliwa, mradi ulinunua 3,000 na kuzipeleka shuleni, mchapishaji akabaki na 2,000 za kuuza. Wachapishaji wadogo walipata mnunuzi wa hakika. Ukambani haikuwahi kuwa na mnunuzi wa aina hiyo, na pengo hilo linaeleza mengi kuliko uchache wa vipaji.

5.0 Suala la Lugha

Mtoto wa Machakos huzaliwa katika Kikamba, hucheza katika Kikamba na Kiswahili, na hutahiniwa katika Kiswahili na Kiingereza. Mwandishi anayemwandikia lazima achague, na kila chaguo lina mlinzi wake mlangoni.

Vichwa viwili vya Maillu vinafaa kutazamwa kwa makini. Without Kiinua Mgongo na Anayekukeep vinachanganya Kiingereza na Kiswahili bila haya, kama wazungumzavyo abiria katika basi la Machakos. Mtu mzima hununua mchanganyiko huo na kuucheka kwa sababu anajitambua ndani yake. Kwa kitabu cha mtoto mchanganyiko huo ni kosa la mtihani. Mwalimu hawezi kumpa mwanafunzi hadithi itakayomfundisha kuandika vile atakavyokatwa alama. Matokeo yake ni kwamba lugha hai ya watoto wa Ukambani, yenye utani wake na kuvuka kwake mipaka, haikuingia katika hadithi zilizoandikwa kwa ajili yao. Iliingia katika zile walizokatazwa.

Wapo walioshika njia ya Kiswahili sanifu na bado wakajitegemea. Kyallo Wadi Wamitila, mwandishi kutoka Ukambani aliyekwisha kujulikana kwa Nguvu ya Sala (1999) na Bina-Adamu! (2002), alitoa Musaleo! mwaka 2004 kupitia Vide~Muwa, kampuni yake mwenyewe, ambayo imetoa pia vitabu vya shule. Ni riwaya ya majaribio isiyo rahisi kwa msomaji asiyezoea. Hapa tunaona mpango uliokuwa umemshinda Maillu wa miaka ya 1970: vitabu vyenye soko la shule huweza kubeba gharama ya kitabu ambacho shule haikukiomba.

6.0 Vitabu Visivyo Katika Orodha

Hadi hapa tumewazungumzia waandishi wenye majina. Chini yao kuna tabaka la watunzi, wengi wao walimu wa shule za msingi, ambao hujichapishia hadithi moja au mbili na kunyamaza. Utaratibu wao unajulikana kwa yeyote aliyekaa Machakos. Mwalimu huandika hadithi, hulipa mtu wa kuipiga taipu, huipeleka kwa mpiga chapa, na hurudi na mafungu ya vijitabu vilivyobanwa kwa pini katikati. Akivipeleka dukani, mwenye duka hukata sehemu yake na kulipa baada ya kuuza, ikiwa atauza. Ndiyo maana wengi huvibeba wenyewe kutoka shule hadi shule.

Biashara hiyo imezidi kuwa ngumu. Elimu ya msingi bila malipo ya mwaka 2003 ilileta fedha za vitabu, lakini kwa vile vilivyoidhinishwa. Sheria ya kodi ya ongezeko la thamani ya mwaka 2013 ilitoza vitabu asilimia 16. Tangu 2018 Wizara imenunua vitabu vya kiada na kuvipeleka shuleni moja kwa moja, na maduka ya miji midogo yakapoteza wateja waliowawezesha kuweka rafuni pia kijitabu cha mwalimu wa jirani.

Isitoshe, Sheria ya Vitabu na Magazeti humtaka mchapishaji awasilishe nakala kwa Msajili, lakini mtunzi wa nakala mia tano mara nyingi hajui kuwa yeye ni 'mchapishaji'. Kitabu chake hakina ISBN, hakimo katika orodha yoyote, na kikichakaa kimetoweka.

7.0 Hitimisho

Haitufai kuvisifu vitabu hivi kwa huruma. Vingi vimekosa mhariri, na dalili zake zinaonekana: tahajia inayoyumba, wahusika wanaobadilika majina, mwisho unaogeuka mahubiri. Lakini Mgala muuwe na haki yake mpe. Mahubiri yamejaa hata katika vitabu vilivyoidhinishwa, kwa sababu vyote viwili vimeandikwa vikimtazama mnunuzi mmoja, mtu mzima anayetaka kuhakikishiwa kwamba mtoto atafunzwa adabu. Tofauti ni kwamba mara mojamoja, katika kijitabu ambacho hakuna aliyekikagua, mtoto huachwa acheke bila kufunzwa lolote.

Uhakiki wetu umejikita katika matini na kuisahau njia ambayo matini hupita ili kumfikia msomaji. Kwa fasihi ya watu wazima kosa hilo huvumilika. Kwa fasihi ya watoto linatupotosha, kwani tunamhesabia mwandishi uamuzi ambao kwa kweli ni wa mnunuzi. Pendekezo letu ni dogo. Kila mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetoka Ukambani, au eneo jingine lolote, arudi kutoka likizoni na vijitabu viwili vitatu vya aina hii, akiwa ameandika ndani yake mambo manne: kimepigwa chapa wapi, mwaka gani, nakala ngapi, na nani alilipa. Rafu moja katika idara ingetosha kuanzia. Waliovitunga wengi bado wako hai na wanakumbuka gharama hadi senti ya mwisho. Tusipowauliza sasa, watakaoandika historia hii baada yetu watalazimika kuanza tena na majina ya mashirika.