Nyuzi za Ramani na Mpaka wa Gisenyi

Aghalabu mwanafunzi anapofundishwa vipimo vya pembe hudhani kwamba ni mambo ya daftari na bikari tu, yasiyo na uhusiano na maisha ya watu. Mji wa Gisenyi, ulioko katika wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, ni ushahidi wa kinyume chake. Historia ya mpaka wake yamfaa sana mwalimu atakaye kuonyesha uzito wa vipimo hivyo.

Kwanza tutazame asili yao. Watu wa Babeli ya kale walihesabu kwa sitini, na kutokana na hesabu yao duara imegawanywa katika sehemu 360. Wataalamu wa nyota walioandika kwa Kiarabu waliihifadhi na kuiendeleza elimu hiyo. Sehemu moja waliiita daraja. Na sehemu ya sitini ya daraja waliiita dakika, maana yake kitu kidogo, chembamba. Kiswahili kimelipokea neno dakika kwa maana ya wakati na ya pembe pia. Daraja kwetu ni cheo, ngazi, au njia ya kuvukia mto. Kipimo chenyewe twakiita digrii au nyuzi. Kila uzi mmoja una dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60.

Juu ya ardhi, karibu na Ikweta, uzi mmoja ni sawa na kilomita 111 hivi. Dakika moja ni kilomita 1.85, na sekunde moja ni mita 31. Tena, kwa kuwa dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, uzi mmoja wa longitudo ni sawa na dakika nne za wakati. Hivyo msafiri wa zamani, aliyetafuta longitudo kwa kulinganisha saa yake na jua au nyota, alipotea karibu kilomita mbili ikiwa saa hiyo ilikosea sekunde nne tu.

Sasa tuje Gisenyi. Tarehe 1 Agosti 1885 Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ilitangaza mipaka yake. Upande huu wa mashariki, mpaka ulifuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki ya Greenwich hadi latitudo ya uzi 1 na dakika 20 kusini ya Ikweta. Kutoka hapo ulikwenda kwa mstari mnyoofu mpaka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Ukiuchora mstari huo juu ya ramani ya leo, utaona kwamba unaikata Rwanda. Ziwa Kivu lote, pamoja na Ruhengeri na Gisenyi, yaangukia upande wa Kongo. Na Gisenyi iko zaidi ya kilomita 60 magharibi ya mstari. Mwami Kigeli IV Rwabugiri, aliyekuwa akitawala Rwanda wakati huo, hakuulizwa neno.

Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipita Rwanda, akaonana na Rwabugiri, akafika Ziwa Kivu. Baadaye Wajerumani walidai kwamba mpaka ufuate ziwa na milima, wala si nyuzi zilizoandikwa Ulaya. Kuanzia mwaka 1900 tume ya pande mbili ilikwenda Kivu kupima. Ugomvi ulikoma mjini Brussels tarehe 14 Mei 1910, Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walipokubaliana. Mpaka ukapita ndani ya Ziwa Kivu, ukatoka nchi kavu baina ya Goma na Gisenyi, kisha ukaelekea vilele vya Karisimbi na Sabinyo. Gisenyi ikawa Rwanda. Kisiwa cha Idjwi kikawa Kongo. Bufumbira ikawa Uganda. Wasemao Kinyarwanda wakajikuta chini ya serikali tatu. Mwami Yuhi V Musinga hakuwa miongoni mwa waliotia sahihi.

Nyuzi si kipimo pekee cha pembe. Wafaransa, katika mapinduzi yao ya mwisho wa karne ya 18, waliigawa pembe mraba katika gradi 100. Mwaka 1873 James Thomson wa Belfast alitumia jina radiani, yaani pembe inayopatikana urefu wa tao unapolingana na nusukipenyo. Mfano uko Gisenyi kwenyewe: kilele cha Nyiragongo kiko juu ya ziwa kwa mita 2,000 hivi, na umbali wake kutoka mjini ni kilomita 20 hivi. Gawanya 2 kwa 20, upate radiani 0.1, yaani karibu nyuzi 6.

Pembe ipanukayo pande zote, kama mwanga wa tochi, hupimwa kwa steradiani: eneo la uso wa tufe hugawanywa kwa mraba wa nusukipenyo. Tufe zima ni steradiani 12.57, anga lote la juu yetu ni nusu yake. Vipimo hivi viwili viliwekwa mwaka 1960 katika kundi la vipimo vya nyongeza vya kimataifa, na mwaka 1995 kundi hilo likafutwa, vikahesabiwa miongoni mwa vipimo vitokanavyo na vingine.

Hapana budi mwalimu afundishe hesabu hizi barabara. Lakini na awape wanafunzi ramani na rula, wauchore mstari wa 1885 kwa mikono yao, kisha wataje miji iliyo kila upande. Ndipo watakapoelewa kwamba vipimo vyaweza kuwa sahihi, na hukumu iliyotolewa kwavyo ikawa si ya haki, endapo wenye nchi hawakuulizwa.